Karatasi Mbele ya Mdomo

Kwa majuma mengi binti yangu alikuwa anakuja kwangu akitoka shule alikokuwa anafundisha, anakaa kwenye kochi, anashika kipande cha gazeti mbele ya mdomo, halafu anaanza. "Big. Pig. Big. Pig." Mwalimu mwenzake alikuwa amemwambia kwamba ukisema pig karatasi inatakiwa iruke, na ukisema big inatakiwa itulie. Yake iliruka kwa maneno yote mawili. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka minne, alikaa mkekani akiangalia ile karatasi kama mtu anayeangalia sinema.

"Imeruka tena, mama."

"Nimeona."

"Wewe unapuliza."

"Sipulizi. Naongea."

Mimi nilikuwa nachambua kunde za kuuza kesho yake na sikuingilia. Ule ugonjwa aliupata kwangu, na mimi niliupata kwa mama yangu. Sisi ni watu wa Bungoma. Ulimi wetu ukikutana na b unasema p, ukikutana na g unasema k. Baba ni papa, gari ni kari. Watu wa Nairobi walianza kutucheka zamani na hawajachoka. Mimi sijawahi kulala njaa kwa sababu ya kusema kari, na gari lenyewe ukilisimamisha linasimama.

Lakini binti yangu alitaka kwenda Vietnam kufundisha watoto wa huko Kizungu, na huko kwanza wanakusikiza kwa simu, mnaonana uso kwa uso kwenye kioo. Aliifanyia hiyo intavyu kwangu, Kangemi, kwa sababu nyumba yao imepakana na fundi wa kuchomelea vyuma. Nilizima redio, nikamwambia mjukuu akae kimya. Mzungu wa kwenye simu akamwambia aueleze mji wa Nairobi. Binti yangu akasema Nairobi ni pig city.  Mzungu akamwomba arudie. Akarudia kwa nguvu zaidi: very pig city. Mimi Kizungu hicho sikukielewa, lakini nilimwona yule mtu akifunika mdomo, na nikaona mabega ya mtoto wangu yakishuka. Yule Mzungu alimwambia kwa adabu kwamba kazi anaijua, ila atengeneze sauti, kisha ajaribu tena.

Basi ndiyo ikawa hiyo karatasi.

Siku moja ikatulia. Alisema big na ile karatasi haikutikisika hata kidogo, ikaning'inia tu kama nguo siku isiyo na upepo. Mjukuu akapiga makofi. Intavyu ya pili alipita.

Mkwe wangu ni fundi wa stima, mtu mpole. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono, hatukai kochi moja, na neno lake kwangu lazima lipitie kwa mtu mwingine. Jioni akija kumchukua mtoto alikuwa anasimama nje ya mlango, uso ameuelekeza kwenye mfereji, anasema, "Mwambie kukhu habari ya jioni." Kukhu kwetu ndiyo nyanya. Mtoto anageuka kwangu: "Kukhu, papa anasema hapari ya jioni."

"Mwambie ni mzuri."

"Papa, ni mzuri."

Tulikuwa tunasikizana vizuri sana, na kati yetu kulikuwa na hatua moja. Wapangaji wengine walikuwa wanacheka. Jirani yangu Mkamba, yule wa kuuza matunda, alikuwa anasema, "Mama wa mboga, huyu mtoto mngemlipa mshahara wa ukalimani."

Siku waliyoniletea neno lao, mkwe hakutumia mtoto. Alimtuma binti yangu na yeye akabaki nje.

"Mama," binti yangu akasema, "tumeonelea twende sisi wawili kwanza. Nyumba ya huko hatujaiona, shule ya mtoto hatuijui. Tungeomba ukae naye mwaka mmoja. Tukishajipanga tunamchukua."

"Nitafikiria," nikasema.

Nilisema hivyo kwa sababu mzazi haruki kama karatasi. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamaliza. Kesho yake nilinunua beseni ndogo ya pinki ya kumwogeshea nikaificha chini ya kitanda. Nikapima pembeni ya kabati, nikaona godoro dogo linaingia.

Sababu ya kumtaka haikuwa mapenzi peke yake. Kulikuwa na jambo nililoliona Lavington.

Nilifanya kazi za nyumba kwa matajiri wa Lavington miaka mingi, nikaenda Loresho, nikarudi tena Lavington kwa familia nyingine. Hiyo familia ya mwisho walikuwa watu wazuri, Waafrika wenzetu, watoto wao wanasoma shule za bei na nyumbani wanaongea Kizungu kutoka asubuhi hadi wanapolala. Siku moja nyanya yao akaja kutoka Ukambani. Alikuwa amebeba njugu kwenye mkebe na amevaa kitambaa kipya kichwani. Wazazi walikuwa kazini. Akamkalisha msichana mdogo karibu naye, akamshika mkono, akamuuliza kwa Kiswahili, "Unajua mimi ni nani?"

Mtoto akaniangalia mimi. Akauliza kwa Kizungu huyu anasema nini.

Shule yangu iliishia darasa la tatu. Kizungu changu chote nilikiokota jikoni: hot, careful, finish, wash your hands. Nikajikuta nimesimama katikati ya nyanya na mjukuu wake, nimevaa aproni, mwiko mkononi, nawatafsiria damu yao. Nikamwambia mtoto kwa Kizungu changu hicho kwamba anauliza kama unamjua. Mtoto akasema kitu. Nilishika neno moja tu, smoke. Alikuwa anasema nyanya ananuka moshi.

Yule mama mzee akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema amefurahi kukuona."

Alifurahi mpaka macho yakalowa. Alipoondoka alinishika mkono pale langoni akanishukuru kwa kumsaidia kuongea na mtoto wake. Mimi nilirudi jikoni nikakata vitunguu, na siku hiyo sikuvilaumu vitunguu.

Kwa hivyo niliposikia Vietnam, hicho ndicho nilichokiona. Nilijiona mimi nimekaa kwenye kochi na kitambaa kipya, na mtu mwingine mwenye aproni amesimama kati yangu na huyu mtoto anayesema hapari. Akibaki na mimi mwaka mmoja, nikasema, maneno yangu yatamshika. Atakuwa wangu.

Nilikaa na hiyo furaha kama wiki moja. Halafu nikiwa naosha ile beseni, mpya, haina hata vumbi, ikanijia siku ambayo binti yangu mwenyewe alikuja Nairobi.

Nilipokuwa Lavington alikuwa kwa mama yangu Bungoma. Vyumba vya wafanyakazi havikuwa na ruhusa ya watoto. Ndivyo kazi ilivyokuwa, na wengi tuliishi hivyo. Nilipopata chumba changu Kangemi nikatuma aletwe. Alikuwa na miaka kumi. Nilikuwa napika, mlango uko wazi. Akafika na mfuko wake, akasimama pale kizingitini, miguu pamoja, akasema, "Hodi."

Mtoto wangu. Akasubiri nimwambie karibu. Nikamwambia karibu. Akaingia, akabaki amesimama mpaka nikamwonyesha mahali pa kukaa. Miezi ilipita kabla hajafungua sufuria yangu bila kuniuliza.

Mama yangu alimlea vizuri, hakuna aliyekosa. Lakini mgeni ndiye hukaribishwa, mtoto hakaribishwi kwao.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alienda kusukwa Kenyatta Market nikamsindikiza. Alitaka zile rasta nyembamba ambazo zingemvusha miezi akiwa ugenini, kwa sababu nani angemsuka huko? Wasichana wawili wakamshika, mmoja kushoto, mwingine kulia. Moshi wa nyama choma ulikuwa unaingia kila mlango ukifunguliwa. Mimi nilikaa kwenye stuli mbele yake. Nilijua mtu akishikwa nywele na watu wawili hawezi kuinuka aende.

"Mama," akasema, "mtoto umemfikiria?"

"Nimemfikiria. Habaki."

Akataka kugeuka. Msusi wa kulia akamrudisha kichwa. "Madam tulia, laini inapinda."

"Mama, si ulikubali?"

"Sikukubali. Nilisema nitafikiria."

"Ni mwaka mmoja tu."

"Mwaka wako na mwaka wa mtoto si mmoja."

Msusi wa kushoto, mdomo umejaa nyuzi, akaingia. "Shosho, kwani hutaki kukaa na mjukuu?"

"Wewe suka."

Wakacheka wote wawili. "Eh, huyu mathe ni mkali. Madam, pole."

Nikawaacha wamalize kucheka. "Namtaka," nikasema. "Namtaka mpaka nimemnunulia beseni. Lakini nikuulize. Siku ulipokuja kwangu kutoka Bungoma, ulisimama mlangoni ukasema nini?"

Akaigeuza bahasha ya nywele mkononi. Nikadhani amesahau, na ningefurahi kama angekuwa amesahau.

"Nilisema hodi," akasema.

"Basi."

Mikono ya wale wasichana ilisimama. Machozi yalimtoka binti yangu na hakuweza kuyapangusa kwa sababu mkono mmoja umeshika bahasha ya nywele na mwingine uko chini ya shuka walilomfunga. Msusi wa kulia akampangusa na kona ya leso yake mwenyewe.

"Tunavuta sana, madam?"

"Ndiyo," akasema. "Ni nywele."

Nikangoja mpaka akatulia. "Nenda naye," nikamwambia. "Lakini nakupa sharti. Wewe huko utauza Kizungu mchana kutwa. Usije nacho kitandani. Mkifika nyumbani Kizungu kiachwe mlangoni pamoja na viatu."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa ya kunyamazisha mtu mzee."

"Sawa ya kweli, mama."

Hiyo beseni nilimpa jirani Mkamba akaiwekea maembe.

Siku walipokwenda mjini kugongesha mihuri kwenye karatasi zao niliandamana nao nishike mtoto. Wao wakapanda ghorofa, mimi na yeye tukaingia kwenye yale maduka madogo yaliyobanana, yanayouza kila kitu, tukatafuta viatu vya safari. Nilimchagulia vyeusi vya kamba ya kunata, ile inayolia kama kitambaa kinachopasuka ukiivuta. Alivivaa akavivua, akavivaa akavivua, mpaka mwenye duka akasema, "Nyanya, hivi viatu vitaisha kabla hamjalipa."

Nikamkalisha mtoto kwenye ngazi za nje. "Sikiza. Huko unaenda, ukiwa na viatu ongea Kizungu na chochote wanachoongea. Viatu vikitoka, unaongea cha kukhu. Umesikia?"

Akafikiria. "Hata Kiswahili?"

"Kiswahili, Kibukusu, yote ni ya kukhu."

"Na kikitoka kiatu kimoja?"

"Kikitoka kimoja, nyamaza mpaka kitoke cha pili."

Aliliona ni jambo la maana. Alitikisa kichwa kama mzee wa kanisa.

Wakaenda. Sitaeleza kuagana, kila mtu ameagana na mtu.

Tulikubaliana Jumapili, nikitoka kanisani. Kwetu ni mchana, kwao jua linaelekea kushuka. Miezi ya kwanza mtoto alikuwa anaongea kama maji: kule pikipiki zimejaa kuliko za Kangemi, mvua inanyesha ya moto, papa anapika wali kila siku. Baadaye binti yangu akapewa masomo ya Jumapili, kwa sababu huko watoto wanasomeshwa Kizungu hata siku ya Bwana. Simu ikawa inapigwa kutoka hapo anapofundishia, mtoto amekaa kwenye veranda na begi.

Hapo ndipo ilipoanza. Namuuliza, "Umekula nini?" ananijibu, "Rice." Namuuliza habari ya shule, ananiambia, "Good."

"Mjukuu wangu," nikasema, "simu yangu haisikii Kizungu."

Akasema kitu kirefu. Binti yangu akatokea kwenye kioo, anacheka kidogo. "Anasema ununue simu ingine."

Nilicheka pia, kwa sababu kilikuwa ni kichekesho kizuri. Nilipokata simu ndipo nikaelewa kilichotokea. Mtoto amesema, mtu mwingine amenitafsiria. Aproni tu ndiyo haikuwepo.

Jumapili baada ya Jumapili ikawa hivyo. Mimi na maswali yangu, yeye na good yake. Binti yangu aliniambia, "Mama, mwongeleshe hata Kizungu kidogo, achangamke." Nilikataa. Kizungu changu ni cha jiko. Nimwambie nini, careful, hot? Jirani Mkamba aliniambia nijikaze nijifunze, si nina muda. Nikamwambia aangalie maembe yake. Lakini nilipokuwa peke yangu nilikata kipande cha gazeti nikakishika mbele ya mdomo, nikasema big. Kiliruka. Nikakitupa kwenye jiko.

Sikumlaumu binti yangu na sikujutia neno langu la Kenyatta Market. Mtoto alikuwa na mama yake. Hilo ndilo nililotaka, na nikalipata. Nilijiambia mtu hapati vyote. Nilijiambia mara nyingi, na jambo la kweli huwa halihitaji kuambiwa mara nyingi.

Miaka miwili ikapita wakapewa likizo. Nilipika tangu asubuhi. Kuku wa Bungoma, ugali wa wimbi, na mboga ya mrenda kidogo pembeni. Jirani Mkamba akaja kwa kisingizio cha kuniletea papai akakataa kuondoka. "Nataka kuona huyo Mchina wako."

"Vietnam si Uchina."

"Mimi nimekaa hapa, naona."

Teksi ikasimama langoni. Nikasikia sauti ya mtoto kabla sijamwona, na ilikuwa Kizungu tupu, cha haraka, cha puani, anamwambia mama yake jambo kuhusu begi. Jirani akanitazama. Hakusema kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ni huruma kubwa. Halafu mtoto akafika uani, mrefu, meno ya mbele hayapo. Jirani akamsalimia. Yeye akasema, "Hello."

"Ai," jirani akasema polepole. "Huyu ni Mzungu kamili."

Mimi nilikuwa ndani, nimesimama karibu na meza. Mtoto akaja mpaka mlangoni. Akasimama kizingitini, miguu pamoja.

Nikangoja hodi. Nilikuwa nimeshalitayarisha neno karibu, liko kwenye ulimi, chungu.

Akainama. Viatu vilikuwa vingine, vya mguu mkubwa zaidi, lakini nikasikia ile kamba ya kunata ikilia, kiatu kimoja. Akanyamaza. Ikalia ya pili. Akavipanga viatu vizuri ukutani, vidole vimeangalia nje, akaingia akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye jiko langu, akafunua sufuria.

"Kukhu," akasema, "mbona hukubika chabati?"

Nilikaa. 

Binti yangu alikuwa amefika mlangoni na mzigo. "Mama, usimcheke," akasema. "Nilimfunza b na karatasi ili wasimcheke shuleni. Sasa anaiweka kila mahali. Nyumbani anaongea hivyo kutwa, hata baba yake siku hizi anamwita baba sawasawa, lakini paka ni baka na pilipili sijui ni nini."

"Bilibili," mtoto akasema.

"Kama nyumbani unaongea," nikamwambia, nimemshika uso, "mbona kwenye simu ulikuwa unanijibu Kizungu?"

Aliniangalia kama mtu anayemwonea aibu mtu mzima asiyeelewa.

"Kukhu, nilikuwa na viatu."

Binti yangu akaweka mzigo chini. Tuliangaliana, na sote wawili tukaziona zile Jumapili zote, ile veranda, lile begi, na chini kabisa, mahali ambapo kioo cha simu hakifiki, miguu midogo imevaa viatu vyeusi.

Kutoka nje sauti ya mkwe wangu ikasema, uso nina hakika umeelekea mferejini, "Mwambie kukhu tumefika salama."

"Kukhu, baba anasema wamefika salama."

"Mwambie Mungu asifiwe. Mwambie chakula kiko."

Jirani Mkamba, aliyekuwa amesimama nje karibu na mlango muda huo wote, akaanza kucheka. Ana kicheko kikubwa, kinasikika mpaka barabarani. Akapiga paja, akapiga makofi, akasema bilibili, akacheka tena. Mtoto akamtazama kwa makini kutoka juu hadi chini, akaja akaniinamia sikioni. Hajui kunong'ona.

"Kukhu, huyu mama anabiga kelele."

Jirani akapangusa macho. "Amesema nini? Mama wa mboga, mtoto amesema nini?"

"Amesema," nikamjibu, "amefurahi kukuona."